NAKALA AU HATI YA GHALA?
Jinsi programu za kompyuta zinavyopeana vitu kupitia ukutani

Mtu afikaye Musaga, kusini mwa mji wa Bujumbura, hukuta kuta mbili mashuhuri: ya chuo cha maafisa wa jeshi, ISCAM, na ya gereza la Mpimba. Sisi askari twajua maana ya ukuta na ya mlinzi wa lango. Leo twapenda kuwaeleza wenzetu wa jeshi na polisi kwamba ndani ya kompyuta za afisini mna kuta pia.

Programu mbili za mashine moja huwekwa kila moja katika chumba chake cha kumbukumbu. Moja ikianguka, ya pili husalimika. Adui akiingia katika moja, ya pili haimfungukii kwa urahisi. Hata hivyo, kazi haiendi bila kupeana vitu. Je, kitu hupitaje ukutani?

Njia ya kwanza ni nakala. Tuseme makao makuu yana orodha ya watu wanaotafutwa, na kila kizuizi cha barabarani kimepewa nakala yake. Simu ikikatika, kazi yaendelea. Lakini asubuhi mahakama ikifuta hati ya kukamata, nakala ya jana haina habari. Raia asiye na hatia atalala rumande kwa sababu ya karatasi iliyochakaa.

Njia ya pili ni anwani, mfano wa hati ya ghala la silaha. Hati yataja nambari ya bunduki. Bunduki yenyewe i ghalani. Kila aulizaye huelezwa hali ya leo, na mtunza ghala aweza kumkatalia asiyestahili. Walakini njia ya ghalani ikifungwa, hati haipigi risasi.

Njia ya tatu ni makabidhiano. Katika programu za kusomea intaneti, upande mmoja waweza kukabidhi fungu zima la kumbukumbu kwa upande wa pili. Tangu hapo mtoaji haligusi tena.

Hatari ni kutojua umeshika nini. Mwaka 1994 Jim Waldo na wenzake watatu wa kampuni ya Sun Microsystems walionya kwamba kitu kilicho mbali kisitendewe kama kilicho mkononi. Mwaka 1997 lugha ya Java, toleo la 1.1, ilileta kanuni yake: kitu kilichotangazwa kuwa cha mbali hupita kwa anwani, na kisichotangazwa hunakiliwa. Amri huonekana ile ile, matokeo mbalimbali.

Nako kushirikiana chumba kimoja kuna gharama. Januari 2018, kasoro ya vichakato iitwayo Spectre ilipofichuliwa, programu kubwa za intaneti zilizima kumbukumbu ya pamoja, kwani iliweza kutumiwa kama saa kali ya kupimia na kuiba siri. Baadaye ilirudishwa, kwa sharti kwamba ukurasa ujitenge kwanza.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu askari, unapopokea orodha, iwe ya karatasi au ya kompyuta, jiulize mambo matatu. Je, hii ni asili au nakala, na ni ya saa ngapi? Nani ana mamlaka ya kuibadili? Simu ikikatika, nitamuuliza nani kabla ya kumtia mtu pingu?