Spika yenye kujibu: itafika mu nyumba zetu?

Ndugu wanachama wa Kasongo na Kabambare wametuuliza juu ya ile spika wanayoona mu video za telefone. Mtu anaiuliza swali kwa mdomo, yenyewe inajibu. Anaiambia izime taa, taa inazima. Wengine wanataka kujua kama sanduku la koperative linaweza kuinunua, ili iwe inaambia wakulima habari ya mvua na bei.

Amazon ilitoa ya kwanza, inaitwa Echo, mwaka 2014 kule Marekani. Google ikafuata mwaka 2016. Kazi kubwa haifanyiki ndani yake. Ikisikia jina lake, inatuma sauti yako kwa intaneti mpaka ku mashine za kampuni, mbali sana, na jibu linarudi. Rezo ikikatika, inabaki kopo tu. Tena Echo inasikia Kifaransa, Kiingereza na lugha zingine chache. Kiswahili hakimo.

Sasa hesabu ya umeme. Spika ndogo inakula karibu wati 2 hata ikinyamaza, na kifaa cha kugawa intaneti mu nyumba wati 6 hivi. Jumla 8, mara saa 24, ni wati-saa 192 kwa siku. Pano ya wati 20, jua likiwaka vizuri saa 5, inatoa 100 tu, na wakati wa mvua hata hizo huzipati. Pano inayotosha taa za usiku na kuchaji telefone haitalisha kifaa hicho. Redio ndogo inaenda siku nyingi na mawe mawili.

Kwa hiyo, juu ya sanduku: msitoe franga. Hata Marekani, ambako walisema itakuwa moyo wa nyumba, watu wengi wanaiomba muziki, saa na hali ya hewa. Mwezi wa Novemba 2022 Amazon ilipoanza kupunguza wafanyakazi, upande wa vifaa hivyo uliguswa pia.

Lakini tusiicheke, kwa sababu ina jambo moja zuri: inakaa nyumbani na inajibu yeyote aliyepo, hata asiyejua kusoma. Kwetu, mu nyumba nyingi, redio na telefone ni za baba. Akienda soko au akivuka Lualaba, sauti imeenda naye. Na anayepalilia karanga, anayechuma sombe, anayeona wa kwanza majani ya muhogo yamejikunja na kupata madoa ya manjano, njo mama. Swali liko kwake, kifaa kiko mu mfuko wa mtu mwingine.

Hiyo tunaweza kuitengeneza na vitu tulivyo navyo. Radio Okapi inasema Kiswahili tangu 2002. FAO imesaidia klabu za Dimitra humu Kongo, ambamo wanawake na wanaume wanakutana, wanasikiliza redio, wanajadili. Mwekeni redio ya koperative mu depo, isitoke, siku ya kusikiliza ijulikane, na ufunguo ushikwe na mama mmoja wa komite. Mwenye swali alirekodi ku telefone ya kikundi. Atakayefika penye rezo analituma kwa agronome, na jibu linachezwa mbele ya wote. Litachelewa siku mbili tatu, ni kweli. Ila anayejibu anajua udongo wenu, na anaweza kusema «sijui, ngoja nije nione». Mashine inajibu kwa uhakika hata ikikosea. Kwa kiwavi jeshi cha mahindi, aliyeonekana Afrika mwaka 2016, kipimo kibaya cha dawa kinaweza kuua samaki wa mto na kumdhuru anayepuliza.

Kiswahili kitaingia mu mashine hizo siku moja, na nadhani kitapitia telefone kwanza, si spika. Kwa sasa, komite zenye redio mu depo zituandikie: nani anashika ufunguo, na wamama wangapi walikuja siku ya mwisho ya kusikiliza.