KAMERA YA TAWI: TUJIFUNZE KUITUMIA KABLA YA SIKU YA KUIHITAJI



Katika viwanda na mashamba, madai mengi hukwama mahali pamoja. Sisi tunasema mashine haina kinga, mwajiri anasema kinga ipo. Sisi tunasema maji ya kambini ni machafu, ofisi inasema yalikaguliwa. Siku ya kikao inapofika, kinga imekwisha kurudishwa na tangi limekwisha kuoshwa. Hapo picha iliyopigwa siku ile ile, yenye tarehe na maelezo, huwa na uzito mkubwa mezani. Lakini picha yenye ukungu, isiyoonyesha ni mashine ipi, humsaidia mwajiri kuliko inavyotusaidia sisi.

Siku hizi wengi wetu tuna simu zenye kamera, nazo zinafaa kwa jambo la haraka. Hata hivyo yako matawi yaliyopewa au kununua kamera za filamu za aina inayojilenga yenyewe, na kamera hizo hukaa kabatini kwa sababu hakuna anayejua kuzitumia. Hii ni hasara. Filamu iliyosafishwa hutoa negativu, kitu cha kushikika kinachoweza kuwekwa kwenye faili la tawi kwa miaka mingi, na mwenye shaka akaonyeshwa. Haipotei simu inapoanguka mtoni. Basi leo tunaeleza kamera hii hatua kwa hatua.

KAMERA HII NI YA NAMNA GANI

Kamera tunayoisema huandikwa SLR. Ina lenzi moja, na nyuma ya lenzi kuna kioo kilicholala mshazari. Kioo hicho hupandisha picha juu hadi kwenye jicho la mpigaji. Kwa hiyo unachokiona ndicho lenzi inachokiona. Ukibonyeza kifungo, kioo huinuka, pazia lililo mbele ya filamu hufunguka kwa muda mfupi sana, mwanga unaingia, pazia linafunga, kioo kinarudi. Ndiyo sababu jicho lako huona giza kidogo wakati wa kupiga.

Zamani mpigaji alizungusha lenzi kwa mkono mpaka picha iwe kali. Mwaka 1985 kampuni ya Minolta ya Japani ilitoa kamera ya 7000, yenye mota ya kuzungusha lenzi ndani ya kamera yenyewe. Nikon ilitoa F-501 mwaka 1986, na Canon ikatoa EOS 650 mwaka 1987. Aina hizi zilitengenezwa kwa wingi, kisha kamera za filamu zikaanza kuachwa. Konica Minolta ilitoka katika biashara ya kamera mwaka 2006, na Nikon iliacha kuuza F6, kamera yake ya mwisho ya jamii hii, mwaka 2020. Kwa hiyo tawi likinunua, litanunua iliyotumika.

KABLA YA KUTOA FEDHA ZA TAWI

Kwanza ulizeni filamu itasafishwa wapi. Kamera nzuri bila mahali pa kusafisha filamu ni pambo tu. Pili, ulizeni betri. Kamera hizi haziendi bila betri hata kidogo. Minolta 7000 hutumia betri nne ndogo za AAA, ambazo hupatikana kirahisi. EOS 650 hutumia betri moja ya volti 6 iitwayo 2CR5, ambayo si kila duka linayo.

Tatu, fungueni mgongo wa kamera ikiwa haina filamu, mtazame pazia. Katika EOS nyingi za zamani, mpira mdogo ulio ndani huoza na kuacha alama nyeusi kama lami juu ya pazia. Pazia likinata, picha huharibika, na fundi lazima alisafishe. Msiliguse kwa kidole, maana ni jembamba sana.

KUTIA FILAMU

Filamu hutiwa kivulini. Weka mkebe mahali pake, vuta ulimi wa filamu mpaka kwenye alama yenye rangi, hakikisha filamu imelala sawa, kisha funga mgongo. Mota itavuta yenyewe mpaka namba 1. Namba isipotokea, au ikimweka-mweka, fungua urudie. Zipo kamera ambazo huvuta filamu yote kwanza, kisha huhesabu kurudi nyuma kutoka 36. Hilo si kosa.

Picha ya mwisho ikipigwa, mota huirudisha filamu ndani ya mkebe. Ngoja sauti ya mota iishe. Anayefungua mgongo kabla ya hapo huunguza filamu, na ushahidi wa siku nzima unakuwa mweupe.

Juu ya mkebe kuna namba ya wepesi wa filamu: 100, 200 au 400. Filamu ya 400 hupokea mwanga mara mbili upesi kuliko ya 200. Kwa shamba la chai au miwa wakati wa jua, 100 au 200 yatosha. Kwa ndani ya kiwanda, chukueni 400. Tangu mwaka 1983 mikebe mingi ina vijimraba vyeusi na vya fedha ambavyo kamera huvisoma na kujua namba hiyo yenyewe. Filamu isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, maana joto huiharibu.

JINSI INAVYOJILENGA, NA MAHALI INAPOSHINDWA

Nyuma ya kioo kikubwa kuna kioo kidogo kinachopeleka sehemu ya mwanga chini, kwenye kipimo. Kipimo hicho hupokea picha mbili ndogo za kitu kimoja, moja kutoka upande huu wa lenzi na nyingine kutoka upande ule. Picha hizo zikiwa karibu mno au mbali mno kati yao, kamera inajua lenzi haijakaa sawa, na inajua izungushwe upande upi. Mota inazungusha, na alama ya kijani inawaka.

Hapa ndipo wengi hukosea: kamera haijui wewe unataka nini. Inajua tu kilichoko ndani ya alama iliyo katikati. Kamera za kwanza zina sehemu moja tu ya kulengea, hapo katikati. Wanachama wawili wakisimama bega kwa bega, alama ikaangukia pengo lililo kati yao, kamera italenga ukuta ulio nyuma. Ukuta utaonekana vizuri kila tofali, na ndugu zetu watakuwa ukungu.

Dawa yake ni kifungo chenye hatua mbili. Weka alama ya katikati juu ya uso wa mtu mmoja. Bonyeza kifungo nusu tu na ushikilie. Alama ya kijani ikitulia, usiachie kidole; geuza kamera mpaka watu wote wawili waingie; kisha malizia kubonyeza. Jambo hili likiingia vidoleni, nusu ya kazi imekwisha. Kamera iwekwe kwenye S au One Shot. Ikiwekwa kwenye namna ya kufuata kitu kinachokwenda, haitashikilia ulengaji.

Mambo mengine huishinda kamera, nayo yamejaa kazini kwetu. Ukuta mtupu haulengeki kwa kuwa hauna alama ya kulinganisha. Mistari iliyolala, kama rafu, huzishinda kamera za kwanza. Simamisha kamera wima, ilenge, kisha irudishe. Wavu wa uzio ukiwa mbele, kamera italenga wavu. Bati linalong'aa huichanganya, na gizani mota huenda mbele na nyuma bila kutulia. Pakitokea hivyo, lenga kitu kingine kilicho umbali ule ule, kwa mfano ukingo wa mlango, ushikilie kifungo, kisha rudi kwenye kitu chako. Au zima ulengaji, geuza swichi kwenye M au MF, ulenge kwa mkono kama wazee walivyofanya.

MWANGA: TUNDU NA MUDA

Mwanga unaofika kwenye filamu hupimwa kwa vitu viwili: ukubwa wa tundu la lenzi, na muda ambao pazia liko wazi. Mfano ni kuchota maji: bomba pana hujaza ndoo upesi, bomba jembamba hutaka muda mrefu.

Tundu huandikwa 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Tundu dogo lina faida yake: vitu vya mbele na vya nyuma vyote huonekana vizuri. Muda huandikwa kwa sehemu za sekunde, kama 1/60 au 1/250. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50, usipige kwa mkono muda ukiwa mrefu kuliko 1/60, maana mkono hutikisika. Pakiwa na giza, egemea nguzo au weka kamera juu ya meza.

Anayeanza atumie P. Kamera itachagua vyote viwili. Akizoea, kwa picha ya mkutano wenye safu tatu za watu, atumie A (katika Canon ni Av), achague 8, alenge safu ya mbele au ya pili. Kwa mkanda wa mashine unaokwenda, atumie S (katika Canon ni Tv), achague 1/250 au upungufu zaidi wa muda, ili mkanda uonekane umesimama.

Mtu aliyesimama mbele ya dirisha hutoka mweusi. Mhamishe, au wewe uhamie upande wa dirisha ili mwanga uwe mgongoni mwako. Na kwa filamu ya rangi ya kawaida, ukiwa na shaka ongeza mwanga badala ya kupunguza. Filamu hiyo huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

PICHA YA USHAHIDI

Kwa kila jambo pigeni picha tatu. Ya kwanza kutoka mbali, ionyeshe ni jengo gani na mashine iko wapi. Ya pili karibu zaidi, ionyeshe mashine nzima na namba yake. Ya tatu karibu kabisa, ionyeshe gia isiyo na kinga au waya ulio wazi, pembeni pakiwa na rula au kibiriti ili ukubwa ujulikane. Papo hapo andikeni katika daftari: namba ya picha, tarehe, saa, mahali, na jina la shahidi.

Kazi ya namna hii ina historia ndefu. Kuanzia mwaka 1908, mwalimu mmoja wa Marekani, Lewis Hine, alipiga picha za watoto waliofanya kazi katika viwanda vya nguo na migodi, kwa niaba ya Kamati ya Taifa ya Kazi za Watoto. Kamera yake ilikuwa nzito na ya kutumia vioo. Aliandika umri wa watoto, kazi zao na mahali pao, na urefu wa mtoto aliupima kwa kulinganisha na vifungo vya nguo yake mwenyewe. Picha hizo pamoja na maandishi zilisaidia kampeni ya miaka mingi, na mwaka 1938 sheria ya nchi nzima iliweka mipaka ya kazi za watoto. Picha peke yake zingeweza kubishiwa. Maandishi yaliyokwenda nazo ndiyo yaliyofunga mdomo wa wabishi.

USALAMA WA WATU

Kamera isimponze mtu. Kwanza, mpigaji asiegemee mashine inayokwenda huku jicho moja likiwa kwenye kamera. Anayetazama ndani ya kamera haoni mguu wake unapokanyaga. Pili, flashi isitumiwe mbele ya macho ya mwendesha mashine. Mahali penye mvuke wa petroli, au vumbi zito la unga au sukari, kamera yenye betri na mota isiingie kabisa. Tatu, mfanyakazi aulizwe kabla ya kupigwa. Uso wake ukionekana, yeye ndiye atakayeitwa ofisini, wala si mpigaji. Mara nyingi mikono na mashine vyatosha. Nne, zipo sehemu za kazi ambazo zimekataza kamera. Kamati isome mkataba na kanuni kwanza, na ikiwezekana picha zipigwe wakati wa ukaguzi wa pamoja, mwajiri akiwapo.

MAFUNZO YA MWEZI MMOJA

Tunapendekeza kila tawi lichague watu watatu, na mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa yako mabweni na vyumba ambavyo mwanamume hawezi kuingia. Juma la kwanza wajifunze bila filamu: kushika kamera, kubonyeza nusu, kulenga na kugeuza. Juma la pili watie filamu moja ya picha 24, wagawane picha nane kila mtu, na kila picha iandikwe daftarini. Juma la tatu filamu isafishwe. Juma la nne wakae na kamati, wazitazame picha zote 24, nzuri na mbaya, na kwa kila mbaya waseme sababu: mkono ulitikisika, alama ilikuwa ukutani, au mwanga ulikuwa nyuma.

Filamu hiyo moja ni gharama, lakini ni gharama ndogo kuliko dai lililopotea. Kamera iandikwe katika orodha ya mali za tawi, anayeichukua atie sahihi, na betri zitolewe inapokaa muda mrefu. Negativu zikatwe vipande, zitiwe katika bahasha yenye tarehe, na bahasha iwekwe mbali na daftari la maelezo, ili kimoja kikipotea kingine kibaki.