Ploti ya Bure Isiyo na Hati

Ruiru ni mji wa ploti. Ukishuka matatu kando ya barabara kuu ya Thika, hujamaliza kuvuka umeshapewa karatasi: futi 50 kwa 100, stima ipo, maji yapo, hati tayari. Labda ndiyo maana GeoCities haikuhitaji maelezo mengi huku. Kampuni hiyo ya Marekani, iliyoanza mwaka 1994, iligawa viwanja vya bure kwenye wavuti. Ulichagua mtaa (Hollywood kwa wapenda sinema, Area51 kwa wapenzi wa hadithi za sayansi), ukapewa namba ya nyumba, ukajenga mwenyewe.

Kujenga kwenyewe kulikuwa ni kuandika. HTML, lugha aliyoibuni Tim Berners-Lee akiwa CERN, ni maandishi matupu: neno unalizungushia alama ya kufungua na ya kufunga, na kompyuta inalikoleza au kuligeuza kiungo. Notepad ilitosha. Ukitamani mandhari ya nyota ya jirani, ulifungua msimbo wa ukurasa wake ukanakili. Wengi walisoma kazi hii kwa kuchungulia.

Mwenye busara aliandika kila kitu nje ya mtandao, akatia kwenye disketi ya megabaiti 1.44, ndipo akaenda saiba, maana huko dakika ilikuwa pesa. Modemu ya kilobiti 56 ilipitisha kilobaiti 7 kwa sekunde, tena laini ikiwa safi. Picha ya kilobaiti 70 ilikula sekunde 10. Hapo ndipo muundo wa picha wa GIF ulipopata umaarufu wake. Badala ya kueleza rangi ya kila nukta kwa baiti tatu, faili ya GIF hubeba jedwali la rangi zisizozidi 256, na kila nukta hutaja tu namba yake katika jedwali. Kisha mfuatano unaojirudia hufupishwa. Mchoro wa rangi bapa hupungua ukawa kitu kidogo kabisa. Ile miali ya moto na nyota za kumetameta tunazozikumbuka leo kama mtindo zilikuwa hesabu ya kilobaiti.

Kuna sehemu ambayo hamu ya zamani huiruka. Kabla ya nyaya za chini ya bahari, data ya Kenya ilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Barua pepe ya kutoka Thika kwenda Ruiru, mwendo wa kilomita 20, ingeweza kwenda Marekani na kurudi endapo wawili hao walitumia kampuni tofauti za intaneti: kilomita 144,000 angani, karibu nusu sekunde hata kwa kasi ya mwanga. Kituo cha KIXP cha Nairobi, kinachounganisha kampuni za intaneti, kilifunguliwa mwishoni mwa 2000 ili data ya nyumbani ibaki nyumbani. Kikafungwa upesi baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikarudi kazini mwaka 2002.

Kasi yenyewe ilifika 2009, kebo za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa. Oktoba mwaka huohuo Yahoo, iliyokuwa imeinunua GeoCities miaka kumi kabla, iliivunja. Barabara ilipokuja, nyumba zikabomolewa. Wa Thika Road anaijua hadithi hiyo.

Kwa nini basi vibanda vile bado vinatuuma? Mwaka 2012 mtafiti Michael Norton na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu hukithamini zaidi kitu alichokiunganisha kwa mikono yake, hata kikiwa cha kawaida tu. Mimi naliamini hilo kuliko madai kwamba intaneti ya zamani ilikuwa huru. Haikuwa huru. Ilikuwa na mwenye nyumba, kama hizi ghorofa za mitandao ya kijamii tunamopanga sasa; tofauti ni kwamba alituruhusu kupaka rangi.

Kabla ya ubomoaji, wahifadhi wa kujitolea wa Archive Team walikimbia kunakili walichoweza, na mwaka 2010 wakatoa mzigo wa gigabaiti zaidi ya 600. Humo mmejaa kurasa zenye kibango cha njano kilichopendwa sana wakati ule: kibarua na sepetu yake, akitangaza kwamba ukurasa unajengwa. Bado anachimba.