MWANI UNAOJICHORA WENYEWE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Kila mwanafunzi wa Biolojia anaijua taabu ya kuchora jani. Hata penseli ikichongwa vizuri namna gani, mkono huchora kile ambacho mtu adhani amekiona, na vishipa vidogo husahauliwa. Taabu hiyo ndiyo iliyompata Bibi Anna Atkins wa Uingereza, alipotaka kuwaonyesha watu mwani wa nchi yake. Mwaka 1842 Sir John Herschel alikuwa amegundua namna ya kufanya picha za buluu kwa dawa zenye chuma, bila kamera. Mwaka uliofuata Bibi Atkins akaanza kutoa kitabu chake sehemu kwa sehemu, akakimaliza mwaka 1853, na kila ukurasa ulichapwa kwa jua. Alitia sahihi A.A. tu!

Dawa zenyewe ni mbili: amonia feriki sitreti, gramu 25 katika mililita 100 za maji, na potasiamu ferisianidi, gramu 10 katika maji kadiri hiyo hiyo. Huchanganywa sawa kwa sawa siku ya kazi. Hiyo ya pili isipashwe moto mkali wala isikutane na asidi kali, maana hutoa hewa ya sumu. Kwa hiyo hapana budi mwalimu awepo. Karatasi nzito hupakwa kwa brashi mahali penye mwanga hafifu, ikakaushwa gizani.

Miali ya urujuanimno ya jua hukibadili chuma kilichomo, kikaungana na ferisianidi kuwa buluu isiyoyeyuka majini. Palipofunikwa na mmea hapabadiliki, na dawa ya pale huoshwa pakabaki peupe.

Lakini kazi hasa ni kuutengeneza mwani, nako ndiko wengi wanakokosa subira. Suuza chumvi, uelee katika beseni la maji, kisha pitisha karatasi yenye nta chini yake na kuinua polepole, huku ukitandaza matawi kwa kijiti. Funika kwa kitambaa na magazeti, weka vitabu vizito juu, na badili magazeti kila siku. Bila nta, utomvu wake huunata karatasini na haubanduki tena.

Si kila mwani ufaao. Ule unaolimwa Unguja tangu mwaka 1989, ambao kina mama wa Paje na Jambiani huufunga kambani, ni mnene. Huzuia mwanga wote, ukatoa umbo jeupe tupu. Bora ule mwembamba wa kijani ushikao mawe, ambao mwanga hupenya, hata mikunjo yake ikaonekana kwa buluu hafifu. Majani ya mimea ya nchi kavu nayo yanafaa.

Weka mmea juu ya karatasi, bana kwa kioo, toa juani. Jua la saa sita huhitaji dakika 5 hadi 15. Ngoja hadi rangi ya manjano-kijani igeuke kuwa kijivujivu. Kisha osha kwa maji mengi hadi umanjano uishe. Usitumie sabuni, kwani magadi yake huiharibu buluu. Picha iliyofifia kwa kukaa sana mwangani, ikiwekwa gizani siku kadhaa, buluu yake hurudi.