Gia za Mashindano si za Daladala

Huku kwetu Temeke na Kinondoni nawasikia vijana wakimsifu dereva anayebadili gia bila kukanyaga klachi, eti kama wale wa mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953. Tusichanganye mambo.

Ndani ya giaboksi ya gari la kawaida mna ringi ndogo za shaba. Shafti na gia inayotaka kushikana nayo huzunguka kwa kasi tofauti. Ringi huisugua gia mpaka kasi zilingane, ndipo meno yakashikana kimya kimya. Usipokanyaga klachi, ringi hiyo inalazimika kupambana na nguvu za injini pia.

Magari mengi ya mashindano hayana ringi hizo. Yana meno makubwa, machache, yenye nafasi pana, nayo hushikana papo hapo. Lakini yana kelele, yanalika upesi, na mafundi huyakagua kila mara.

Dereva wa daladala hana mafundi wanaomngojea njiani. Ringi zikiisha, gia hukwaruza, kisha hukataa kuingia, pengine mteremkoni, abiria wamejaa. Nasema, sifa za kijiweni hazinunui giaboksi.