Tulipohamia Juja na Mama: Kumtafuta Tabibu wa Nyumbani

Mtu ahamapo mji huuliza kwanza msikiti uko wapi, soko liko wapi, na watoto watasoma wapi. Habari ya tabibu huiacha hadi usiku wa homa. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi tulipotoka Mombasa kuja Juja, mji ulio kati ya Ruiru na Thika, ambako jamaa zetu wengi hufuata masomo katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta au kazi za Nairobi. Tulikuja na mama yetu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, na maradhi mawili aliyokwisha kuyazoea: sukari na shinikizo la damu. Daktari aliyemjua kwa miaka mingi tulimwacha Mombasa, na daftari la matibabu tukalisahau huko huko.

Dawa zilipokwisha, tuliingia katika kliniki ya kwanza tuliyoiona kando ya barabara. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, lakini mama alipomwambia, "Mwanangu, n'na kisunzi," hakulijua neno hilo. Akaandika maumivu ya kichwa. Mwezi wa pili tulimkuta mwingine, na wa tatu mwingine tena. Kila mmoja alipima, akaandika dawa, akatuaga. Alasiri moja mama akaanza kutetemeka na kutokwa na jasho, ulimi ukawa mzito. Tukampa maji ya sukari, akarudi katika hali yake. Tulimshukuru Mola, lakini sababu hatukuijua.

Tuliijua wiki mbili baadaye, kwa tabibu wa kike tuliyeelekezwa na jirani. Kabla ya kupima chochote, alituomba tulete dawa zote zilizomo nyumbani. Tukazimwaga mezani. Akatenga pakiti mbili za rangi mbalimbali na majina mbalimbali, kisha akatuonyesha maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Ilikuwa dawa ile ile moja ya kushusha sukari. Mama alikuwa akimeza kipimo maradufu, na wenye kumpa kila asubuhi ni sisi wanawe.

Siku hiyo tulifahamu kosa letu. Tulikuwa tukitafuta mtu wa kuandika dawa, kumbe tulihitaji mtu wa kumjua mgonjwa.

Pa kuanzia

Nchini Kenya huduma za afya zimepangwa kwa ngazi. Zahanati ni ngazi ya 2 na kituo cha afya ni ngazi ya 3. Juu yake ziko hospitali, kama ile ya Ruiru iliyo ngazi ya 4 na ile ya Thika iliyo ngazi ya 5. Wengi wetu huruka ngazi za chini tukidhani kwamba penye jengo kubwa ndipo penye tiba bora. Lakini maradhi ya kudumu, kama sukari na presha, hutaka uso ule ule kila mwezi, na uso huo aghalabu hupatikana karibu na nyumbani.

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF. Kujisajili ni kwa kupiga *147#. Aliyesajiliwa hugharimiwa huduma za msingi katika ngazi ya 2 na ya 3. Kwa hospitali za juu, hapana budi michango iwe imelipwa. Wazee waliohamishwa na watoto wao wasisahauliwe katika usajili huu.

Namna ya kumpima tabibu

Kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa daktari. Hakika yake, wengi tunaokutana nao katika vituo vidogo ni maafisa wa kliniki, wenye mafunzo yao na baraza lao, na wengi wao ni hodari. Si utovu wa heshima kuuliza. Daktari husajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, na leseni zao wote huhuishwa kila mwaka. Mkataba wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unampa mgonjwa haki ya kumchagua mhudumu wake, kumjua kwa jina, na kutaka rai ya pili.

Baada ya leseni, tazameni mwenendo. Je, huuliza kabla ya kuandika? Asipoelewa neno la mzee, humwuliza maana yake, au hupita? Humtazama mgonjwa, au huzungumza na mwana aliyemleta? Huwa tayari kusema, "Hili limenizidi, nendeni Thika"? Na wanawake wakitaka kuhudumiwa na mwanamke kwa ajili ya stara, hulipokea ombi hilo bila kejeli?

Mtihani wa Ramadhani

Kwa familia zetu liko swali moja zaidi. Mwenye sukari akitaka kufunga, tabibu mwema hamkatazi kwa neno moja wala hamruhusu kwa neno moja. Humwita wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, akapima hatari yake, akapanga upya saa na vipimo vya dawa. Miongozo ya kimataifa humtaka mgonjwa afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 katika vipimo vitumikavyo hapa kwetu. Wanazuoni wengi wamesema kwamba kuchoma kidole kwa kipimo hakubatilishi saumu.

Mama alitaka kufunga mwezi mzima. Tabibu alimsikiliza hadi mwisho, akamweleza kwamba figo zake zimekwisha dhoofu, akamshauri asifunge. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Huyu amenambia kweli. Nitalisha maskini." Kabla yake, wengi walikuwa wamemwambia vivyo hivyo, naye asiwasikie.

Ndugu wasomaji, msingoje usiku wa homa. Juma hili kusanyeni dawa za wazee wenu katika mfuko mmoja, andikeni majina yaliyo chini ya majina ya biashara, na mwende nazo kwa tabibu hali mzee yuko mzima. Mwenyezi Mungu awajaalie siha. Amin.