Mtandao upi umepotea? Msamiati wa seva wahitaji uangalifu

Mteja akifika katika afisi ya kutuma mizigo River Road, Nairobi, na kuambiwa “sistimu iko chini, ngoja kidogo”, huelewa jambo moja tu: hatahudumiwa kwa sasa. Usemi huo huficha mengi. Je, stima imepotea? Intaneti imekatika? Au seva zimeacha kuiona hifadhi yake? Fundi akipigiwa simu na kuambiwa tu kwamba “mtandao umepotea”, huenda akatafuta hitilafu mahali isipokuwepo.

Utata unatokana na neno “mtandao”, lenye uhusiano na kitenzi “tanda”, yaani kuenea. Siku hizi neno hili hubeba angalau maana tatu: intaneti, mawimbi ya simu, na nyaya zinazounganisha mashini ndani ya chumba kimoja. Makala hii inahusu maana ya tatu.

Katika taasisi kubwa kama vile benki, seva kadhaa hufanya kazi kama kundi. Badala ya kila seva kutegemea diski yake yenyewe, zote husoma na kuandika katika hifadhi moja ya pamoja kupitia mtandao wa hifadhi. Seva moja ikizima, nyingine hushika kazi kwa sababu data haikupotea na seva iliyozima. Ndiyo maana mtandao huo hutengewa nyaya na swichi zake, tena kwa jozi: njia moja ikikatika, data hupitia ya pili. Intaneti inaweza kukatika ilhali mtandao wa hifadhi u salama, na kinyume chake.

Hatari kubwa hutokea seva mbili zinapopoteza mawasiliano baina yake huku zote zikiendelea kuiona hifadhi. Kila moja hudhani nyingine imekufa, nayo hujitwalia usukani. Zote mbili zikaandika mahali pamoja. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapa kinachoumia ni rekodi za wateja, ambazo huenda zisirejeshwe tena.

Dawa yake ina jina tulilo nalo tayari: akidi. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, akidi ya Bunge la Taifa ni wabunge 50, na ya Seneti ni maseneta 15. Seva nazo huamua kwa akidi. Zikiwa 3, lazima 2 zisikilizane ndipo kazi iendelee. Zikiwa 5, lazima 3. Zikiwa 2 pekee, zikitengana hakuna upande wenye wingi, kwa hivyo huongezwa mpiga kura wa tatu, tunayeweza kumwita shahidi. Seva iliyokosa akidi huacha kuandika, ama hutengwa na wenzake: huzimwa kwa nguvu au kufungiwa njia ya kufikia hifadhi.

Tutofautishe pia “hifadhi ya pamoja” na “nakala rudufu”. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa data iko katika hifadhi ya pamoja, basi i salama. La hasha! Faili ikifutwa humo, imefutika kwa seva zote papo hapo. Nakala rudufu hukaa mahali pengine, nayo haiaminiki hadi ijaribiwe kwa kurejesha data.

Vitenzi viwili navyo huchanganywa: “kutengeneza” na “kutunza”. Kutengeneza huja baada ya kuharibika. Kutunza ni kubadilisha diski inayodhoofika kabla ya nyingine kufa, au kuchomoa kebo moja kwa makusudi, wakati wa kazi chache, ili kuona kama njia ya pili itabeba mzigo. Mitaani husemwa “usiguse kitu inafanya kazi”. Kisarufi, kauli sahihi ni “kitu kinachofanya kazi”, kwa kuwa “kitu” ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Kiufundi, ushauri wenyewe una kasoro: njia ya pili isiyojaribiwa inaweza kuwa imekufa kitambo bila yeyote kujua.

Kuhusu upatanisho, “seva”, “diski” na “kebo” ni za ngeli ya I-ZI: seva hii, seva hizi. “Maseva” tuyaachie mazungumzo. Nayo “sistimu iko chini” ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Tuseme “mfumo haufanyi kazi”, kisha tutaje kilichokwama.

Hapo ndipo penye manufaa. Ujumbe kama “intaneti ipo, lakini seva ya pili haiioni hifadhi” humwambia fundi aanzie wapi. Ujumbe wa “mtandao umepotea” humwacha akibahatisha, na foleni dirishani ikizidi kurefuka.